Paji la Uso la Byamungu

Nakumbuka asubuhi moja pale Kabazana, mwanangu, wanapopokelewa wageni wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kabla ya kupewa viwanja. Nilikuwa kijana bado, miguu imevimba kwa safari ya kutoka Kivu ya Kusini. Vita vilikuwa vimenitenga na mke wangu Nabintu kwa miezi minane. Alikimbia na mimba changa ambayo mimi sikuijua. Nikamkuta ameketi mkekani, amepakata mtoto wa kiume wa majuma matatu. Nilimpokea mtoto kwa furaha, nikamtazama uso, na furaha ikaniishia.

Kwetu wanaume tuna alama. Mfupa wa juu ya macho umechomoza kama upenu wa nyumba, na paji la uso linalala kuelekea nyuma. Baba alikuwa hivyo, babu hivyo, nami ndivyo unavyoniona. Paji la mtoto huyu lilikuwa la mviringo, limesimama, laini kama la msichana. Nikahesabu miezi, ikakubali. Nikahesabu tena. Mwenye hofu, mwanangu, hata hesabu iliyo sawa huiona ina kasoro.

Nilimwandikisha kuwa wangu, jina lake Byamungu, kwa maana wazee walisema kitanda hakizai haramu. Tukapewa kiwanja Rubondo, humo humo kambini, tukalima mahindi na maharage, tukaimba kwaya kanisani, na watu wakatuona nyumba yenye heri. Kumbe mimi kila siku napapasa paji la yule mtoto, najifanya nambembeleza, natafuta mfupa. Usingizi ulinipungua. Akinikimbilia akiita papa, ndiyo baba kwa lugha ya kwetu, nilimwinua upesi na kumweka chini upesi.

Kisha akazaliwa binti yetu Furaha, mimba niliyoiona ikikua tangu mwanzo, naye akatoka na paji lile lile la kaka yake. Mtu mwenye akili angetulia hapo. Mimi nikajiambia huyo ni wa kike, hana alama yetu. Wa kiume je?

Byamungu alipofika miaka saba nikampeleka hospitali ya Ruharo, Mbarara. Nyumbani nilisema mtoto anaumwa kichwa. Nabintu, maskini, akatufungia viazi vya njiani, akamwombea apone ugonjwa ambao hakuwa nao. Daktari, mzee wa Kinyankole, alimgusa kichwa, akamwuliza kama kinauma. Mtoto akasema hapana. Ikabidi nimtume nje, nikauliza nilichokijia, macho yangu sakafuni.

Daktari hakucheka. "Mzee, kichwa ya watoto yote iko hivi, mbele imesimama. Wasichana mingi wanabaki nayo. Kijana, ngoja ndevu. Ile mfupa ya juu ya macho inatokea pole pole, na paji inaenda nyuma. Wengine inatokea kidogo, wengine haitokei sana. Hata wewe ulikuwa hivi. Enda nyumbani."

Maneno ya kumtuliza mtu, au sivyo? Mimi nilishika mawili tu, ngoja ndevu, nikangoja. Miaka tisa, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu, nikajisifu, kumbe ule haukuwa uvumilivu, ulikuwa woga.

Sauti yake ilipokwisha kuwa nzito, nilimwona asubuhi moja ananawa uso uani. Jua lilimpiga upande, na mfupa ulikuwa pale, wa baba, wa babu, wangu. Nikamkimbilia Nabintu, aliyekuwa anachagua maharage. Nikamwambia aje atazame, paji la Byamungu limekuwa la kwetu.

Hakuinua kichwa. "Papa Byamungu, miye nilikuwa nakuonaka toka akiwa mutoto mudogo. Unamugusa ku paji sawa mutu mwenye kutafuta kitu alipoteza. Nilingojaka uniulize. Ungeniuliza, ningekujibu siku moja tu." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Na ule mufupa kama haungetoka, ungemufanya nini?"

Nikaketi kando yake, nikachagua maharage pamoja naye. Aibu ya swali lile bado inaniuma.

Byamungu sasa ni mtu mzima. Ananiheshimu, akitoka mjini haji mikono mitupu. Lakini akifika humkumbatia mama yake, na mimi hunipa mkono. Simlaumu, ndivyo nilivyomfundisha. Majuto ni mjukuu, na wangu amekwisha kufika.

Basi, mwanangu, wewe kijana uliyeoa juzi, nisikilize. Mfupa hukua kwa wakati wake, wa mtoto si wa mzee, wa mke si wa mume, nao haukuapa kukutolea ushahidi. Shaka ikikuingia, mpelekee yule inayemhusu, siku hiyo hiyo, kwa upole. Kuuliza si ujinga. Na mtoto wako mpende sasa, kabla hajafanana na mtu yeyote, kwa sababu utoto wake haukungojei umalize kuchunguza. Mungu aibariki nyumba yako, akupe kinywa cha kuuliza na moyo wa kuliamini jibu. Amina.