Udongo wa Mdogo Wangu

Masika ile redio ilisema mvua imetanda kaskazini yote. Watu wakatumiana picha za Kilimanjaro, theluji imeshuka chini kuliko tulivyozoea kuiona. Nchi nzima inalowa, hata mlima umepewa cha kuvaa, na sisi wa Maore, huku tambarare, tunakula vumbi. Mahindi yangu yalikuwa usawa wa goti, majani yamejikunja, na nilijua yakikosa maji wiki hiyo watoto wangu watakula vya kuomba.

Mdogo wangu aliolewa Gonja, mlimani, juu ya vichwa vyetu kabisa. Kila akipiga simu ni kulalamika: nguo hazikauki, kuni zinatoa moshi tu, matope mpaka mlangoni. Nilimwonea wivu mpaka tumbo likaniuma. Huyu niliyembeba mgongoni, leo ananiletea malalamiko ya mvua! Siku moja nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Kisha likapigwa baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji na kuzoa tope la ndiva, lile bwawa linaloweka maji ya zamu. Sisi wa tambarare zamu yetu ni ya mwisho, lakini usipokwenda kazini huna hata hiyo. Nikapanda mlimani na jembe langu. Huko juu kila kitu kilikuwa kibichi, hata ukuta wa jiko la mdogo wangu umeota ukungu. Shamba lake lilikuwa chini tu ya bwawa: maharage, migomba, tangawizi, udongo mweusi wa kulamba. Akanipa chai, akauliza mbona nimenuna. Nikasema nimechoka na kupanda.

Bwawani maji yalikuwa yamepita nusu. Nikamwamkia mzee anayeshika lango, nikamwomba atufungulie walau siku moja, mahindi yanakufa.

"Ndiva haifunguliwi kabla haijajaa, mwanangu," akasema. "Ikijaa, mtapata."

Watu wakaitikia kwamba ndivyo ilivyo. Mdogo wangu naye akaitikia, na hapo ndipo nilipomchukia kweli. Nikateremka bila kumuaga.

Jumapili iliyofuata mvua ilimwagika mlimani tangu alfajiri. Bwawa likajaa, tena likapitiliza, lakini Jumapili kule hakuna anayegusa jembe wala lango la maji. Mzee na kijiji kizima walikuwa kanisani. Ibada haijaisha, ukingo ukapasuka.

Huku chini tulisikia mngurumo kwenye korongo, kisha maji mazito yakaingia mashambani. Nikapiga vigelegele kabla sijauliza yametoka wapi. Yalipotulia, upande wa juu wa shamba langu ulikuwa umefunikwa tope jeusi, na mahindi yamesimama ndani yake. Siku chache baadaye majani yakakunjuka. Tukapata habari kwamba mlimani hakuna aliyedhurika, majirani wakanipongeza, nami nikapongezeka.

Mdogo wangu akaja na bodaboda. Hakuniamkia. Alitembea shambani mwangu taratibu, akainama, akachomoa tangawizi kwenye tope, akaifuta kwa kanga, akachomoa nyingine. Shina la mgomba wake lilikuwa limelala kwenye mpaka wangu. Kwake, alisema, umebaki mwamba mtupu, hata pa kuchomeka mche hakuna. Kisha akayatazama mahindi yangu kwa muda mrefu. Nilijua anachokisikia tumboni, maana mimi nilikisikia msimu mzima.

"Dada, nigawie mistari michache tu nipande maharage."

Ule udongo nilikuwa nimeshauzoea, nimeshaupangia mambo, na roho ilikataa kuuachia kana kwamba nilizaliwa nao. Yeye alisubiri, mikono imejaa tangawizi. Mwishowe nikamnyooshea kidole upande wa juu, kwenye weusi.

"Panda pale," nikamwambia. "Pale ni kwako."