Mashine Iliyosema Maman Alifurahi

Asubuhi ile nilitoka mtaani kwetu Kadutu bila mpango, mswaki mfukoni, nikateremka mpaka mjini. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo mlango wowote ulio wazi huniita. Siku hiyo ulikuwa mlango wa ukumbi wenye picha za kuchora. Kando ya kila picha palikuwa na kamera ndogo iliyounganishwa na kompyuta. Mtafiti, mzaliwa wa Bukavu hapa hapa, alinieleza kwamba mashine inasoma nyusi na pembe za mdomo, kisha inataja hisia ambazo mtazamaji anazipata.

"Ilijifunzia wapi?" nikauliza.

"Kwa nyuso za watu, maelfu."

"Watu wa wapi?"

"Watu ni watu, papa."

Akaingia maman mmoja wa kisiwa cha Idjwi, akatua kapu lake. Alisimama mbele ya picha ya shimo la dhahabu la Kamituga lililoporomoka, akaziba mdomo kwa upindo wa kitenge. Mtafiti akamwomba aushushe, kamera imwone. Nami, mjinga, nikasaidia: "Shusha kidogo tu, maman." Akashusha. Akatutabasamia. Kwetu mama mwenye msiba hampi mgeni machozi. Humpa tabasamu, kama anavyompa kiti.

Mashine ikaandika: furaha. Mtafiti akamsomea kama anayempongeza.

"Furaha?" maman akauliza. "Mutoto yangu alifia mu shimo kama hii. Futa ile neno."

"Haifutwi, maman. Nikianza kurekebisha, utafiti umeharibika."

"Basi andika pembeni kama sikufurahi."

"Pembeni hakuna nafasi."

Hapo nikawaka. Nilimwuliza mtafiti, kwao kukiwa na matanga, mama yake huwapokeaje wageni. Akaikodolea macho skrini. Alijua. Hilo ndilo lililonichoma: angetoka mbali, ningemsamehe.

"Umesoma mpaka ukamsahau mama yako," nikamwambia.

"Na wewe ulisoma mpaka wapi, tonton?"

Watazamaji wengine ukumbini wakacheka. Neno likabaki pale pale kwenye kompyuta.

Nilibeba kapu la maman mpaka bandarini, njia nzima nikitukana. Boti ya Idjwi ilikuwa inajaa.

"Panda," akasema. "Ama unabaki kugombana na maji?"

Nikapanda. Ziwani akanieleza kwamba alisikia sokoni kuna picha ya shimo kama lile lililomuua mwanawe, akaja kuona kama mchoraji aliwaweka watu ndani.

"Aliwaweka?"

"Hata mumoja."

Sikuwa nimeligundua hilo, mimi niliyesimama pale asubuhi nzima nikichunguza mashine. Hasira ikanigeukia mwenyewe.

Tulifika kwake jua likiwa bado juu ya migomba. Alifagia chumba cha nyuma, akatoa buti za machimbo chini ya kitanda, akaziegemeza nje ukutani, akaniambia nitalala chumbani humo. Kisha akaingia jikoni, akafunga mlango, nikamsikia analia. Sikumfuata.