Kamba ya Bihogo

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kwenye bucha la Hamugembe, mvua ikinyesha, ile mvua yetu ya Bukoba isiyo na haraka ya kwenda popote. Muuza nyama, kijana mwenye koti lililokuwa jeupe zamani, akaniuliza, "Dada, nikukatie wapi?"

"Kidari," nikasema, "na kipande cha sarara. Shingo usiniwekee."

Akacheka huku akinoa kisu. "Wewe ulisomea ng'ombe?"

"Nilisomea. Tena nilifaulu."

Nikabeba ile nyama hadi nyumbani, nikaiweka mezani, nikakaa nikiitazama mpaka hamu ikaniisha. Kaa nami kidogo nikueleze kwa nini.

Nililelewa na bibi, mamaye mama, kwenye kilima kimoja cha Muleba, njia ya kwenda Rubya. Kama umekulia kwetu unajua harufu ya asubuhi ya kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba: majani ya migomba yaliyolowa, moshi wa jikoni, na samadi. Wageni huziba pua. Sisi harufu ile ilikuwa harufu ya shibe. Ng'ombe hula maganda ya ndizi na nyasi za rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya kijiji. Samadi yake hurudi kwenye mgomba. Mgomba hutulisha sisi. Maganda hurudi kwa ng'ombe. Bibi alikuwa akisema, "Kibanja bila ng'ombe ni kaburi lenye majani."

Ng'ombe wetu jike, wa pekee, alikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, nikiwa kidato cha pili. Aliacha ndama dume, mwekundu kama udongo wa barabara yetu, na kwa rangi ile bibi akamwita Bihogo. Jike mwingine hatukuwa na uwezo wa kumpata, lakini bibi alikuwa na mpango. Bihogo akue, anenepe, kisha tumbadilishe kwa mtamba, na mtamba akizaa, kibanja kitapona. Migomba ilikuwa imeanza kutoa mikungu midogo, na bibi alikuwa akiitazama kama mtu anavyomtazama mtoto asiyekula.

Mwaka uliofuata shule yetu ikapata mwalimu wa kilimo, kijana kutoka mikoa ya kusini, mwenye sauti nzuri na viatu visivyozoea tope letu. Somo lilikuwa mifugo na uzalishaji wa nyama. Alichora ng'ombe ubaoni, akamgawa kwa mistari ya nukta kama ramani ya wilaya. Baada ya wiki chache akachoka na ng'ombe wa chaki. Kwenye mkutano wa wazazi akasema anataka dume wa kufundishia: wanafunzi watamlisha, watampima, watajifunza namna ya kumnenepesha.

Bibi akaniangalia, halafu akasimama.

Siku ya kumkabidhi, mkuu wa shule mwenyewe alikuja nyumbani pamoja na mwalimu. Jirani yetu, mzee aliyekuwa akikaa mpaka mmoja nasi, aliitwa awe shahidi. Bibi alikuwa ametandika nyasi mpya sebuleni, akawapa lubisi, ile togwa tamu ya ndizi. Kisha akamtoa Bihogo zizini, akaiweka kamba yake mikononi mwa mkuu wa shule.

Hapo ndipo penye kisa chote, kwa hiyo nikueleze vizuri. Kwa bibi, na kwa waliomlea, anayeuza ng'ombe hubaki na kamba. Ng'ombe anaondoka na kamba ya mnunuzi. Anayempa mtu ng'ombe amtunzie humtoa na kamba yake, na hapo hakuna la kuongeza: ng'ombe atarudi. Akifa mikononi mwa mtunzaji, mtunzaji huleta ngozi na mguu, mwenye ng'ombe aone kwa macho yake. Nilimuuliza bibi jioni ile kwa nini hakuwaambia wazi kwamba anamtaka arudi. Alikaribia kukasirika.

"Kumwambia mtu 'utanirudishia' ni kumwita mwizi kabla hajaiba," akasema. "Nimempa kamba. Mkuu wa shule ni mwana wa hapa. Ameipokea kwa mikono miwili, hukuona?"

Niliona.

Ule mwaka, nakuapia, nilikuwa na furaha. Kila asubuhi darasa zima tulipanda kilima na mizigo kichwani: matete, maganda ya ndizi, majani ya viazi vitamu. Mwalimu alikuwa ameazima utepe wa mwalimu wa ushonaji, akawa anampima Bihogo kifua kila Ijumaa. Bihogo alisimama ametulia, akitafuna, kama mteja anayepimiwa suti.

"Shemeji yetu anapendeza," wavulana walinitania. "Atafunga ndoa na nani?"

"Na mtamba," nikawajibu, nao wakaangua kicheko bila kujua kwamba sikuwa natania.

Jumamosi bibi alikuwa akiniuliza amefika wapi. Nikamwonyesha kwa mikono yangu upana wa kifua, naye akaitanua zaidi kwa mikono yake, akacheka. Alikuwa ameshaongea na mtu wa Ngenge mwenye mitamba. Alikuwa ameshachimba mashimo ya migomba mipya.

Mahafali ya kidato cha nne yalipokaribia, mwalimu aliingia darasani akisugua viganja. Alisema tutahitimisha somo kwa vitendo. Dume atachinjwa siku ya mahafali, tutaona kwa macho kila kipande tulichokikariri, na wageni watakula.

Nilisimama. "Mwalimu, bibi alimtoa na kamba yake."

"Unasemaje?"

"Alimtoa na kamba. Maana yake anarudi."

Darasa likageuka kunitazama. Nusu yao walijua ninachosema. Nao, kama mimi, walikuwa na bibi zao. Mwalimu alinitazama kwa wema, na huo wema ndio siwezi kuusahau. "Usijali," akasema. "Kamba tutamrudishia."

Wakacheka, hata wale waliokuwa wanajua.

Nikaenda ofisini kwa mkuu wa shule. Yeye sikuhitaji kumfafanulia. Nilimwamkia Kihaya, nikasema neno moja tu, kamba, naye akashusha macho. Alipangusa miwani yake muda mrefu.

"Kadi za wageni zimeshatoka, mwanangu," akasema. "Bibi yako ni mtu mkubwa. Ataelewa."

Nilimwambia bibi jioni ile. Aliendelea kumenya ndizi. "Mkuu wa shule hawezi," akasema. "Mwalimu labda. Yule hawezi." Hakwenda. Kwenda kungekuwa kumwita mwizi.

Bihogo alichinjwa asubuhi ya ukungu nyuma ya jiko la shule. Bwana mifugo alimkagua na kugonga mihuri yake. Mwalimu alishika fimbo, akawa anagusa: "Hii?" Darasa likaitikia, "Paja." "Hii?" "Ubavu." Akafika sehemu moja, wenzangu wakasita, akanigeukia mimi kwa kuwa nilikuwa wa kwanza darasani. "Sarara," nikasema. Akasema vizuri sana. Machozi yalikuwa yananitoka, na mwalimu akadhani ni moshi wa kuni.

Ukumbini, mshereheshaji alitangaza kwamba nyama ya leo ni mchango wa bibi mmoja mpenda elimu. Watu wakapiga makofi. Ngozi iliwambwa kwenye ukuta wa stoo, kwa ajili ya somo la mwaka unaofuata.

Na mwalimu alitimiza ahadi. Alinikabidhi kamba, ameikunja vizuri, pamoja na nyama kidogo ndani ya mfuko wa plastiki. Bibi aliipokea kamba akaipitisha vidoleni, polepole, kama rozari. Aliangalia nyuma yangu, njiani, kama kuna mtu anayekuja na mguu. Hakukuwa na mtu. Nyama akampa mbwa wa jirani. Kamba akafungia mgomba uliokuwa unaanguka.

Mtu wa Ngenge aliuza mitamba yake kwa wengine. Mashimo yalijaa maji ya mvua, kisha magugu. Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulipopita kijijini kwetu, ulikikuta kibanja kikiwa kimechoka, na hakikuinuka. Bibi alianza kununua ndizi sokoni, yeye aliyekuwa akisema anayenunua ndizi ni mjane wa mjini. Hakumsema mtu kwa ubaya, ila tangu siku ile hakumwazima tena mtu kitu chochote, hata mchi.

Alikufa mwaka juzi. Siku ya pili ya msiba, mkuu wa shule alikuja. Alikuwa amestaafu siku nyingi, amekonda, anatembea kwa mkongojo. Nyuma yake kulikuwa na bodaboda, na juu ya bodaboda, umefungwa kwa majani ya mgomba, mguu mzima wa ng'ombe.

Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Aliuweka ule mguu mbele yangu kwa mikono miwili, akabaki ameinama muda mrefu, wengine wakadhani ni uzee.

Kijana wa kamati akaja mbio na kalamu. "Asante sana, mzee wetu," akasema, akamwandika kwenye orodha ya michango, baada ya mchele na kabla ya sukari. Wanawake wakaubeba mguu kuupeleka jikoni. Yule jirani aliyekuwa shahidi alikuwa ameshalala kaburini. Katika uwanja ule uliojaa watu, tuliojua kwamba ule haukuwa mchango tulikuwa wawili tu.

Niliita jina la bibi moyoni, nikamwambia: mguu umeletwa. Kisha nikatazama moshi ukipanda jikoni, mbele ya kibanja ambacho hakikuwa na mgomba hata mmoja wa kukata majani ya kufunikia sufuria.