Homa ya Shamba Lililochomwa

Sylvanus Osundwa alikata miwa karibu na Mumias kwa miaka kumi na minane, na mara nyingi alikuwa wa kwanza kumaliza mstari wake. Waliokwenda kunywa maji kabla ya mstari kuisha aliwatania: "Nendeni, bata wangu, dimbwi linawangoja." Nimewaona wakata miwa katika nchi tatu. Wote huogopa nyoka, wachache huogopa jua.

Februari ya 1997 mvua ilichelewa. Jumanne moja shamba lilichomwa alfajiri ili majani yaondoke, na muwa ukishaungua haungoji. Ukilala siku mbili, utamu unapungua. Wakataji wakaendelea hadi saa nane mchana, jua utosini, majivu ya moto miguuni. Hapo Osundwa akaanza kupiga panga hewani, pasipo na muwa. Akamwita mdogo wake, Chrispinus, kwa jina la marehemu baba yao, kisha akaanguka.

Chrispinus alimgusa shingo. Ilikuwa moto kama chungu kilicho jikoni, tena kavu. Sehemu hizo, mwili ukichemka hivyo, watu husema malaria, na kila mtu anajua la kufanya: mfunike mgonjwa mpaka jasho limtoke. Wakambeba hadi nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara, wakamfunika mablanketi mawili.

Mkewe, Maximilla, aliingia na ndoo ya maji ya kisima.

"Shemeji, mfunue nimmwagie."

"Maji baridi kwa mtu wa homa? Utamuua."

"Na jasho liko wapi?"

"Litakuja. Ngoja tu."

Chrispinus akamtoa ndoo mkononi, akaiweka nje. Walingoja saa nzima. Jasho halikuja. Wakampeleka zahanati kwa trekta la miwa. Muuguzi aliyatupa mablanketi, akamlowesha mwili mzima, lakini Osundwa alikata roho kabla jua halijatua.

"Hii haikuwa malaria," muuguzi alimwambia Chrispinus. "Ni joto la jua. Mngemmwagia maji kule kule shambani, huenda angepona."

Chrispinus alikaa na maneno hayo peke yake mpaka siku ya tatu baada ya maziko. Ndipo alipomweleza Maximilla yote, bila kujitetea, akangoja amfukuze.

Maximilla aliendelea kuchambua maharagwe.

"Wewe hukujua, shemeji," akasema. "Mimi moyo uliniambia, na ndoo nilikuwa nayo. Mbona nilikuachia?"