Landrova ya Shemeji

Sikuwa dereva wala fundi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ihembe, mtu wa chaki na madaftari, na ugonjwa wa magari ulinipata ukubwani. Walioniambukiza walikuwa wawili: kaka yangu, mkulima wa migomba na kahawa, na fundi mmoja wa Kamuli ambaye dada yake ndiye mke wa kaka. Tuliyoyafanya tuliyafanya watatu. Mwenye kupenda kuandika ni mimi peke yangu, basi kazi ya kukiri imeniangukia.

Kaka hakununua gari kwa anasa. Shemeji yangu, mkewe, alikuwa amezika watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa nyumbani baada ya siku mbili za uchungu, akafa kabla hajabatizwa. Wa pili alifia tumboni, mama yake akiwa juu ya machela, tumebakiza vilima viwili tufike hospitali. Daktari alimvuta kaka pembeni akamwambia kwamba nyonga za mkewe ni nyembamba, kwamba mimba nyingine ikija ni lazima apasuliwe, na kwamba akichelewa tena atazikwa mama pamoja na mtoto. Nilikuwepo. Nilimwona kaka akiitikia kila neno kwa kichwa, na nilijua palepale kwamba yeye alikuwa amesikia neno moja tu, ambalo daktari hata hakulitamka. Alikuwa amesikia gari.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita na Uganda. Magari ya kwetu yalikuwa ya kuhesabika: la parokia, la ushirika, la wakubwa wa wilaya, na yote yalikuwa na wenyewe wa kuombwa kwa magoti. Spea hakuna, petroli kwa kibali, na Jumapili baada ya saa nane mchana gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani. Katika hali hiyo fundi akaleta habari kwamba huko Kamuli, nyuma ya nyumba ya mchuuzi mmoja wa ng'ombe, kuna Landrova imelala miaka, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Kaka alikwenda kuitazama tu. Akarudi ameshaipenda.

Tuliivuta kwa lori la kahawa hadi Ihembe. Kaka alishika usukani kwa mikono miwili, akiachia mmoja kila alipoona watu ili awapungie kama mbunge. Ikakaa uani, kati ya jiko na migomba, na kwa miezi minane ikala Jumamosi zetu zote. Fundi alikuja kila Ijumaa kwa baiskeli, au kwa lori lolote lenye huruma. Wazazi wake walitoka Rwanda yeye akiwa mgongoni. Alikulia Kamuli, akajifunza ufundi kwa kuwashikia wengine spana, na aliweza kuinamisha kichwa juu ya injini akakwambia ni valvu ipi inayolalamika. Mimi nilianza kwa kuosha nati kwenye mafuta ya taa. Baada ya mwezi nilikuwa nasaga valvu. Baada ya miwili nilikuwa nakata gasketi kwenye jalada la daftari la mahudhurio, na wanafunzi wangu wakiitwa majina kwenye karatasi zisizo na jalada.

Sijui nieleze vipi furaha ile kwa mtu ambaye hajaipata. Tuliongeza majani ya springi kutoka kwenye lori bovu ili bodi inyanyuke juu ya makorongo yetu. Tulitengeneza sakafu ya mbao na milango ya bati. Tulibishana kuhusu kabureta kama watu wengine wanavyobishana kuhusu mipaka ya shamba. Siku ilipowaka, moshi ukafunika jiko zima, na kaka akalia mbele za watu. Shemeji, ambaye kwa miezi minane alikuwa akitupikia ndizi na kutufulia nguo za grisi, alitoka akaizunguka akaigusa boneti. "Leo mke mwenzangu kazungumza," akasema. Tulicheka wote. Yeye mwenyewe ndiye watu waliyempa gari, wakaliita Landrova ya shemeji hata wale ambao hakuwa shemeji yao, maana kila mtu alijua limenunuliwa kwa ajili ya nini.

Sasa nieleze machela. Kwetu mgonjwa alibebwa na majirani. Machela yenyewe, tunaiita engozi, ilikuwa kama kapu refu lililosukwa kwa fito, na miti miwili mirefu ikipita ubavuni. Ilitunzwa kwa kaka, kwenye dari ya ghala, kama ilivyotunzwa kwa baba yetu. Nduru ikipigwa, kila nyumba ilitoa mwanamume: wanne wanabeba, wanne wanasubiri zamu, na mzee mmoja jirani yetu ndiye aliyeita zamu na kushika mwendo. Asiyekuja bila sababu alitozwa mtungi wa rubisi, na aliunywa pamoja na wenzake huku wakimsema.

Gari lilipoanza kutembea, nduru zikakoma. Mtu akizidiwa, ujumbe uliletwa kwa kaka, kaka akawasha. Hakumkatalia yeyote, na kwa hilo simlaumu. Lakini wagonjwa walirushwarushwa sana kwenye zile mbao, nikapata wazo: tuifunge machela nyuma ya gari kwa bolti, mgonjwa alale kwenye kapu. Wote walilisifu. Tulipoipima tukaona miti yake imezidi, inatokeza nje karibu mkono mzima kila upande, na turubai la nyuma halifungiki. Aliyeshika msumeno ni mimi. Nilikata ncha zote nne, zile zilizolainishwa na mabega ya baba zetu, nikamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Yule mzee wa zamu alisimama akitazama. "Mwalimu, waitu," akasema kwa adabu, "na gari likiugua?"

"Litatibiwa na fundi," nikamjibu.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nimejaaliwa ulimi mwepesi, na mara nyingi umenifurahisha kabla ya kuniaibisha.

Mwaka wa pili shemeji akashika mimba. Nyumba yote ikaanza kutembea kwa kunyata. Hospitali walimwambia kwamba mwezi wa nane ukiingia ahamie kule, kwenye nyumba ya akina mama wanaosubiri, akae hadi siku yake. Ni mpango mzuri ambao sisi tulikuwa tumeshazoea kuudharau: wanawake wanalala wamebanana, wanajipikia kwenye mafiga, wanakaa wiki nyingi mbali na kwao. Wasio na gari ndio wafanye hivyo, tulisema.

Na Landrova ilikuwa nzima. Nataka jambo hili lieleweke. Ilikuwa inawaka kila asubuhi, na kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba ilikunywa petroli bila aibu, nayo petroli ilikuwa adimu. Dizeli ilipatikana kwa urahisi kidogo, kwa wenye mashine za kukoboa kahawa. Nami nilikuwa nimesikia kwamba Rugera kuna pikapu ya dizeli iliyopinduka, bodi imekwisha lakini injini haina hata mkwaruzo. Sikulala vizuri kwa wiki nzima. Nilikuwa naiona ile injini nikiandika ubaoni.

Nilimwendea kaka, nikamwendea fundi, nikawashawishi mpaka wakakubali. Fundi alihesabu kwa vidole. "Mwalimu, mimba ina miezi mitano. Kazi hii ni miezi miwili. Inatosha," akasema. Dada yake alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anaanika kahawa.

Tukaitoa injini ya petroli, tukaiuza siku hiyohiyo ili tupate ya kununulia ile nyingine. Hapo sasa hapakuwa na kurudi nyuma. Ile ya dizeli tukaitundika kwa mnyororo kwenye miti mitatu ya mkaratusi iliyofungwa vichwa pamoja, tukaishusha taratibu, na ikakataa. Matundu ya bolti ya injini hayakuonana na ya giaboksi. Ilihitajika sahani nene ya chuma ya kuziunganisha, na sahani hiyo ilipaswa kukerezwa Bukoba. Fundi alikwenda na vipimo, akarudi na sahani, ikapungua upana wa kucha. Akaenda tena. Mara umeme umekatika, mara mwenye mashine amesafiri. Miezi miwili ikapita, mwezi wa nane ukaingia.

Shemeji alifunga nguo zake kwenye kanga, akaja uani tulipokuwa.

"Naomba mnipeleke nikakae kule," akasema. "Hata kwa lori la kahawa."

"Ukalale chini wakati una gari lako?" kaka akamwambia. "Wiki ijayo utakwenda umekaa kiti cha mbele."

Akanigeukia mimi. Nilikuwa mwalimu, alikuwa na desturi ya kuniuliza mambo, barua za serikali, dawa za kahawa.

"Wiki moja tu, shemeji," nikasema.

Alirudi ndani na kifurushi chake. Fundi akapanda lori kwenda Bukoba kwa mara ya tatu.

Uchungu ulimshika Alhamisi, saa nne asubuhi, kabla ya siku yake. Nililetewa habari darasani. Nilipofika uani, injini ilikuwa ikining'inia kwenye mnyororo, na kaka amesimama chini yake kana kwamba angeweza kuishusha kwa macho. Mvua ilikuwa inanyesha, lori la kahawa lilikuwa Bukoba, na gari la parokia lilikuwa safarini. Tulifungua bolti tukaitoa machela nyuma ya gari, na ndipo nilipoviona vile vipande vya miti nilivyovipunguza. Hakuna bega ambalo lingeingia pale. Tukakimbia kukata mikaratusi, mibichi, mizito, yenye magome, tukaifunga kwa kamba za migomba kwa sababu muda wa kutafuta nyingine haukuwepo.

Kaka alipiga nduru. Nimesema zilikuwa zimekoma. Watu walisikia, wakasimama kwenye mashamba yao wakasikiliza, na wengi wakaendelea kulima, si kwa roho mbaya. Walijua kule kuna gari. Walikuja watano na yule mzee. Mmoja alisema kwa mshangao wa kweli, "Lakini si mna gari?" Kisha akaona mnyororo, akashika mti wa machela.

Tulibeba. Vijana wawili hawakuwahi kubeba katika maisha yao, hawakujua kubadilisha bega bila kusimama, na hatua zao hazikulingana. Mzee alijaribu kuita mwendo, pumzi ikamwishia kwenye kilima cha kwanza. Kamba zililegea mara tatu. Penye tope mimi niliteleza, upande wangu ukashuka hadi chini, na shemeji, ambaye tangu tutoke nyumbani alikuwa akiomba rozari kwa sauti, akatoa sauti moja ambayo sitaiandika, na baada ya hapo hakuomba tena. Njia ambayo zamani wanaume wa kwetu waliimaliza kabla ya jua kuwa kali, sisi tuliimaliza jioni.

Walimpasua. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa. Kizazi kilikuwa kimepasuka, wakakitoa ili mama apone. Muuguzi alituambia hayo kwa upole sana, nami ningependa angetutukana.

Tulimzika mtoto Ijumaa, mimi na kaka na yule mzee. Mchana huo fundi akashuka kwenye lori, amelowa, anacheka, ameinyanyua ile sahani ya chuma juu ya kichwa kwa mikono miwili. "Imekubali!" alikuwa anapiga kelele tangu barabarani. Hatukujua nani amwambie. Nilimwambia mimi. Akakaa juu ya madigadi na sahani mapajani, halafu akauliza dada yake atarudije nyumbani. Kaka akaitazama injini iliyoning'inia. "Basi tufunge," akasema.

Tulifanya kazi siku sita. Tulijiambia ni kwa ajili yake. Siku mbili za kwanza hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa kuomba spana. Siku ya tatu tulibishana kidogo kuhusu pampu. Siku ya tano niligundua kwamba napiga mluzi. Nikaacha. Baadaye nikamsikia kaka naye anapiga.

Siku ya saba tulikwenda kumchukua. Kaka aliendesha, shemeji akakaa katikati, mimi mlangoni, fundi nyuma. Aliketi kwenye kiti cha mbele kama alivyoahidiwa. Alitusalimu sote, akamshukuru kaka yake kwa kuja, akauliza kama kahawa iliyokuwa mkekani ilinyeshewa. Kuna mlima mrefu kabla ya kuingia kwetu. Kaka aliweka gia namba mbili, na ile injini ikashika, ikapanda kwa sauti moja nzito bila kukohoa, bila kupunguza, hadi karibu na kilele. Sijawahi kusikia gari likipanda vile. Kaka alinitazama juu ya kichwa cha mkewe, nami nikamtazama, tukatabasamu.

Nilifurahi, wala sijui njia nyingine ya kusema. Dakika ile nzima sikumkumbuka mtoto.

Kisha nikateremsha macho, nikakuta shemeji anatutazama, kwanza mumewe, halafu mimi. Alivuta kanga akajifunika kifua, kwa sababu blauzi ilikuwa imelowa, maziwa yalikuwa yanamtoka.