Mwaija wa Kibanda cha Ndui

Mwaka ule ndui ilishuka na misafara ya pembe za ndovu kutoka bara, na Bagamoyo nzima ikaingiwa na hofu. Aliyeonekana na vipele, awe mpagazi au mwenyeji, alitolewa mjini akapelekwa kwenye kibanda cha makuti nje ya mtaa wa Dunda. Huko Mwaija ndiye aliyekuwa akiwauguza. Yeye ndui ilimpata utotoni, ikamwachia makovu uso mzima na jicho moja bovu. Alijua kuwa haimrudii aliyekwisha kuugua, basi aliwaosha wagonjwa, akawanywesha uji, akawalaza juu ya majani ya mgomba ili ngozi zao zisigande kwenye mkeka.

Hakuna aliyemtuma, wala hakuna aliyemkaribia. Akifika kisimani, wanawake walibeba mitungi yao wakaondoka, hata kama haijajaa.

Asubuhi moja mtumishi wa Jumbe Husseni alikuja, akasimama mbali, amejiziba pua kwa shuka.

"Mwaija! Jumbe anakuita."

"Kuna nini?"

"Sijui. Bimdogo yuko pale na ndugu zake wote."

Bimdogo alikuwa mama yake Dadi, kijana aliyefia kibandani siku chache nyuma. Kilio cha mama yule kilifika hadi kule kibandani: "Wamemfanya nini mwanangu?" Tangu hapo Mwaija hakupata usingizi wa raha.

Alioga, akavaa nguo aliyokuwa ameianika juani, akaondoka. Njia nzima alijiuliza: je, maji aliyompa Dadi yalikuwa machache? Au mengi? Wakimwita mchawi, nani atamtetea? Na akifukuzwa, wale aliowaacha wamelala nani atawageuza?

Baraza ilikuwa imejaa watu. Alisimama uani, kwenye jua.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Sogea."

"Hapa panatosha, bwana."

Bimdogo akainuka. Mwaija akainamisha kichwa, akingoja neno litakalomwangusha.

"Mpagazi aliyepona kule amenijia," Bimdogo akasema, sauti ikimkatika. "Ameniambia Dadi alikata roho amelala mapajani mwa huyu. Alikuwa akimpepea nzi, akimtamkisha shahada. Nimemwomba jumbe amwite, watu wote wamwone."

Akashuka uani, akamshika Mwaija mkono, akamketisha kwenye mkeka wa wanawake. Akamnawisha kwa mkono wake mwenyewe. Sinia la wali na samaki likaletwa. Wanawake wawili wakanyanyuka, wakaenda zao. Mwaija aliwaona, naye akataka kuinuka.

"Kula, mwanangu," Bimdogo akamwambia, akachota tonge la kwanza kutoka sinia lile lile.

Jumbe akasema, "Karamu yoyote ya mji huu, Mwaija atakaa hapo, pamoja na wake za majumbe. Na maji ya kibandani watachota watu wangu."

Mwaija akachota tonge dogo, akala. Hofu haikuwa imemtoka bado. Machozi yakamdondokea kifuani mbele ya watu wote.

Ndui haikuisha mpaka masika, na wengine walizidi kumkwepa. Lakini siku moja Somoe, mke wa mvuvi, ambaye naye alikuwa na makovu ya ndui, alifika mlangoni pa kibanda, akavua ukaya wake wa kichwani na kuuliza aanze na mgonjwa yupi.