Redio Ilipofunga Miaka ya Papa

Ile Jumapili sijaisahau, mwanangu, na hasira yake bado ninayo. Nilikuwa nakaanga ndizi uani kwetu Mangobo, wewe mgongoni, na baba yangu, Papa Lokwa, huyu unayemwita koko, alikuwa ameweka redio mapajani kama kila Jumapili baada ya misa. Alingojea kipindi cha muziki wa zamani, wa miaka ya sabini. Mtangazaji akasalimu, akaweka wimbo. Nikaacha mwiko. Wimbo ule niliucheza mimi, nikiwa na sare ya sekondari. Mimi ambaye meno yangu yote yapo. Eti zamani.

Nilicheka, kisha nikamtazama Papa. Alizima redio, akasema leo hatakula. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Mwishowe hata siku za kazi sahani ilirudi jikoni imejaa.

Basi nikakufunga vizuri mgongoni, nikaenda kwenye kituo cha redio. Mkuu wa vipindi, kijana wa umri wangu, alinipa kiti kwa adabu. Nikamuuliza miaka ya sabini imeenda wapi. Akanieleza polepole, kama mtu anayefundisha mtoto, kwamba redio haihesabu zamani kwa kalenda. Inamtafuta mtu mwenye umri wa kununua bia na vocha za simu, inauliza alikuwa anasikiliza nini alipokuwa shuleni, na hiyo ndiyo inaitwa zamani. Mtu huyo akizeeka anachukuliwa mwingine, na zamani inasogezwa mbele.

Nikauliza, na wale wa nyuma?

"Mama, wale hawapige tena simu. Bon, wengi walishakufa. Donc tulifunga miaka yao."

Anafunga miaka ya watu kama anafunga duka. Nikamwambia baba yangu yuko nyumbani anapumua, akitaka nimlete amwone. Akainamia simu yake. Nilitoka bila kuaga. Wewe ulitapika pale mlangoni, na sikupangusa.

Nyumbani nilimwaga yote mbele ya Papa, nikaapa nitamtafutia nyimbo zake zote nizitie kwenye simu yangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nyimbo niko nazo kichwani," akasema. "Mimi nilikuwa nasikiliza salamu. Kila Jumapili Bolamba wa Kabondo alikuwa ananisalimia, na mimi namurudishia. Sasa amenyamaza. Amekufa, na hakuna mutu alikuja kuniambia."

Nikakaa chini. Miaka yote nilidhani mzee anapenda muziki. Kumbe alikuwa anasikiliza nani bado yuko hai. Yeye na Bolamba waliuza pamoja samaki wa moshi kutoka Yanonge tangu ujana. Uzeeni Bolamba alipofuka, na mjukuu wake ndiye aliyekuwa anampigia simu redioni. Papa naye miguu imevimba. Kuhusu namba ya simu, hakuna aliyewahi kuiuliza, kwa sababu redio ilikuwepo, na sasa redio ilikuwa imefunga salamu zao pamoja na nyimbo.

Siku hiyohiyo nikasimamisha pikipiki, tukampakia Papa katikati, tukaulizia nyumba kwa nyumba Kabondo. Nilitangulia kuingia uani polepole, maana sikujua ningesema nini nikikuta matanga. Nikamkuta mzee kwenye kiti, anamenya karanga kwa kupapasa. Nyuma yangu Papa akakohoa.

"Lokwa?" Bolamba akasema. "Nilishakulilia, wewe. Hiki kichwa nilinyoa juu yako."

"Na mimi nilikataa kula juu yako, mujinga," Papa akamjibu. Akaketi, akatia mkono kwenye karanga.

Mwanangu, nisikilize. Usiwaachie watu wa biashara kazi ya kukuambia nani bado yupo. Watasogeza miaka wanavyotaka, na siku moja wataifunga yangu, kisha yako, wala hawatakuja kukupa habari. Mtu unayempenda, ijue nyumba yake. Nenda umshike mkono. Ukishindwa kwenda, tuma mtu, lakini usikae ukingoja. Mungu akupe rafiki wa kuzeeka naye, na siku utakapokawia kuonekana, awepo mtu wa kuja kugonga mlango wako.